Neno la kuua, mtu mmoja na dini nzima: mafundisho kutoka Mombasa

Mazungumzo yetu ya leo yanajibu swali ambalo wengi wanauliza: mtu akihubiri kwamba kuua ni kazi ya Mungu, tumfanye nini? Na wale wanaosali dini moja naye, tuwafanye nini?

Swali hili si mchezo. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wamechinjwa mashambani na majumbani mwao. Baadaye mauaji yalifika Ituri na Lubero. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, watu waliokuwa katika mkesha wa sala waliuawa katika parokia ya Komanda. Kundi linalotajwa ni ADF, lililoanzia Uganda katika miaka ya 1990 chini ya Jamil Mukulu, ambaye alikamatwa Tanzania mwaka 2015 na kupelekwa Uganda. Tangu 2019 Dola la Kiislamu limekuwa likijisifu kwa mashambulio ya kundi hilo. Hasira ya watu tunaielewa. Lakini kuna namna ya kukasirika inayomsaidia adui. Ili tuione wazi, twende kwanza Mombasa, pwani ya Kenya, kwa sababu mambo ya kule yalisemwa kwa Kiswahili chetu hiki.

1. Shehe Aboud Rogo alikuwa nani?

Shehe Aboud Rogo Mohammed alikuwa mtu wa Lamu aliyehubiri Mombasa, hasa katika Msikiti Musa, mtaa wa Majengo. Alianza na mambo ambayo vijana waliyajua wenyewe: kukosa kazi, ardhi ya pwani kuwa mikononi mwa wengine, polisi kukamata watu ovyo. Mengi katika hayo yalikuwa kweli. Kutoka hapo ndipo alipopinda njia: aliwaambia vijana kwamba dawa ni kuunga mkono vita vya Al-Shabaab kule Somalia. Tuangalie sana ujanja huo. Mhubiri wa chuki haanzi na uwongo mtupu. Anatafuta kidonda cha kweli, kisha anatia sumu ndani yake.

Serikali ya Kenya ilimshitaki juu ya bomu la hoteli ya Paradise huko Kikambala, lililoua watu 13 tarehe 28 Novemba 2002. Mwaka 2005 mahakama ilimwachilia. Mwanzoni mwa 2012 alishitakiwa tena, safari hii kwa silaha zilizosemwa kwamba zilikutwa nyumbani kwake. Mwezi wa Julai Umoja wa Mataifa ulimwandika katika orodha ya watu waliowekewa vikwazo kwa kusaidia Al-Shabaab. Kesi ya silaha ilikuwa haijakatwa bado. Tarehe 27 Agosti 2012, watu wenye bunduki waliipiga risasi motokari yake barabarani akiwa pamoja na jamaa yake. Yeye alikufa, mke wake akaumizwa.

2. Je, risasi zilileta amani?

Wafuasi wake walisema ni polisi waliomwua. Polisi walikana. Serikali iliunda kikosi cha uchunguzi, lakini kikosi hicho hakikuweza kumtaja muuaji. Wakati huo vijana walikuwa wamekwisha kuingia barabarani. Makanisa yalishambuliwa na kuporwa, bomu la mkono likatupwa kwa polisi, watu wakafa. Wakristo wale waliovunjiwa makanisa walikuwa wamemkosea nini Rogo? Hakuna.

Haikuishia hapo. Tarehe 3 Oktoba 2013 Shehe Ibrahim Ismail, aliyehubiri baada yake katika msikiti uleule, aliuawa kwa namna ileile, na kesho yake kanisa la Jeshi la Wokovu likachomwa moto. Tarehe 1 Aprili 2014 akauawa Abubakar Shariff, aliyejulikana kwa jina la Makaburi, nje ya mahakama ya Shanzu. Tarehe 10 Juni 2014 akapigwa risasi Shehe Mohammed Idris, mwenyekiti wa baraza la maimamu na wahubiri wa Kenya. Huyu alikuwa akipinga siasa kali. Alikuwa njiani kwenda kusali alfajiri.

Basi, wasikilizaji, tufanye hesabu. Rogo alikuwa mshitakiwa aliyepaswa kujibu maswali mbele ya hakimu. Risasi zilimgeuza kuwa shujaa machoni pa vijana, na maswali yale hayakuulizwa tena. Hotuba zake, zilizorekodiwa na kupitishwa mkono kwa mkono, ziliendelea kusafiri. Hata kaskazini ya Msumbiji, Cabo Delgado, ambako vita vilianza Oktoba 2017, watafiti walikuta vijana waliozisikiliza. Mwenyewe alikuwa na miaka mitano kaburini.

3. Njia ndefu ya mahakama

Sasa tutazame mfano mwingine, wa Uingereza. Anjem Choudary alizaliwa London mwaka 1967, akasomea sheria, akawa mwanasheria. Alikuwa mmoja wa viongozi wa kundi la Al-Muhajiroun. Miaka mingi Waingereza walibishana juu yake. Wengine walisema: mwacheni aseme, nchi yetu ina uhuru. Wengine walisema: huyu haui kwa mkono wake, lakini wanaotoka kwake wanaua. Mmoja wa watu wawili waliomwua askari Lee Rigby, Mei 2013, alikuwa ameonekana katika maandamano ya kundi hilo. Choudary aliijua sheria, akatembea ukingoni mwake bila kuanguka.

Lakini sheria haikulala. Mwaka 2010 jina jipya la kundi lake lilipigwa marufuku. Mwaka 2016 alifungwa miaka mitano na nusu kwa kuwaita watu waunge mkono Dola la Kiislamu. Alitoka gerezani 2018, akarudia. Tarehe 30 Julai 2024 alihukumiwa kifungo cha maisha, na hawezi kufikiriwa kutolewa mbele ya kutimiza miaka 28, kwa kosa la kuongoza kundi la ugaidi. Watu waliorusha chupa za moto katika msikiti wa Grimsby baada ya kifo cha askari yule, hao nao walifungwa. Ilikuwa njia ndefu na ya kuchosha. Hata hivyo ushahidi ulisikiwa, na kila mtu alibeba kosa lake mwenyewe.

4. Sheria ya Kongo inasema nini?

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 22, inampa kila mtu uhuru wa dini na dhamiri. Kifungu cha 23 kinatoa uhuru wa kusema, lakini ndani ya mipaka ya sheria, utulivu wa watu na adabu njema. Na kifungu cha 17 kinasema jambo ambalo ningependa kila chefu alishike kwa moyo: kosa la jinai ni la mtu binafsi, hakuna anayeweza kukamatwa wala kuhukumiwa kwa tendo la mwingine. Tena, mshitakiwa anahesabiwa kuwa hana kosa mpaka mahakama imkute na kosa.

Maana yake ni nini? Mtu akisema dini yake ndiyo ya kweli peke yake, hilo linaweza kutuudhi, lakini si kosa. Akisema, «Nendeni mkawaue wale», hiyo si mahubiri tena, ni kosa kubwa. Neno linaweza kuua. Mahakama ya Arusha ilionyesha hivyo tarehe 3 Desemba 2003, ilipowahukumu waanzilishi wa redio RTLM ya Rwanda na mwandishi wa gazeti kwa maneno waliyoyaeneza.

5. Na jirani yetu Mwislamu?

Tarehe 1 Mei 2021, Shehe Ali Amini alipigwa risasi ndani ya msikiti wa Beni wakati wa sala. Tarehe 18 mwezi uleule, Shehe Jamali Musa aliuawa Mavivi. Wote wawili walikuwa wakiwapinga wauaji hadharani. Basi fikirini: Mwislamu anayesema «hapana» anawindwa na wenye siasa kali. Sisi nasi tukimfukuza kambini, tukimnyima kisima, tukimwita muasi kwa sababu ya kofia yake au jina lake, atakwenda kwa nani? Ndipo mhubiri wa chuki atamwambia kijana wake: «Si nilikuambia kwamba wanakuchukia?» Tutakuwa tumemfanyia kazi yake bila mshahara.

6. Tufanye nini?

Kwanza, mkisikia mtu anaita vijana kwenda porini au anasifu mauaji, shikeni maneno yake kama alivyoyasema, siku, mahali, na nani alisikia. Pelekeni habari kwa chefu, polisi, parke au oditora ya jeshi. Uvumi hauwezi kumfunga mtu, shahidi anaweza.

Pili, msimshitaki jirani kwa ajili ya shamba, deni au wivu. Shitaka la uwongo linamchosha hakimu na kumficha muuaji wa kweli.

Tatu, machefu, maimamu, mapadri na wachungaji wakae pamoja mbele ya tatizo kufika, si baada ya maziko tu. Orodha ya msaada iandikwe kwa mahitaji ya jamaa, si kwa dini.

Nne, tusiwaache vijana na vidonda vyao. Kijana aliyepokonywa shamba au kupigwa bure asikilizwe na wakubwa wake, kabla ya kusikilizwa na yule mwenye sumu.

Mtu ataniambia: «Mwalimu, tribinali iko mbali, na mara nyingine wanaachilia watu wabaya.» Ni kweli, na tunapaswa kudai haki bila kuchoka. Lakini tribinali ikikosea, kuna rufaa. Watu wenye mawe na petroli wakikosea, rufaa hakuna. Mombasa walilipa kwa makanisa, kwa mashehe na kwa watoto wa watu. Sisi tumekwisha kulipa sana.

Jioni ya leo zungumzeni haya nyumbani na kambini, Wakristo na Waislamu pamoja. Amani iwe kwenu. Kwaherini.