Pikipiki Iliyokataa Kuwaka

Katika milima iliyo juu ya ziwa Kivu palikuwa na mwuguzi wa kituo cha afya mwenye pikipiki. Siku ya Jumamosi alisema moyoni: «Leo nitaitunza.» Haikuwa na ubovu wowote, lakini ilikuwa imekwenda siku nyingi katika vumbi na matope. Basi alimwaga oili ya zamani akatia mpya. Alitoa chujio la hewa akalisafisha. Alifungua buji akaipangusa. Buji ni kile kichuma kidogo kinachotoa cheche za moto ndani ya mashine. Mwishowe aliiosha pikipiki yote kwa maji na sabuni, akaifuta kwa kitambaa toka mbele hata nyuma. Jioni iling'aa kama sahani mpya.

Jumatatu alfajiri alifunga sanduku la baridi nyuma ya kiti. Ndani yake mlikuwa na barafu na chanjo ya surua. Chanjo hiyo hutakiwa kukaa katika baridi ya digri 2 mpaka 8. Ikipata joto kwa muda mrefu huharibika, na mtoto aliyechomwa chanjo iliyoharibika hakingwi na ugonjwa. Huko ng'ambo ya vilima mama walikuwa wamekwisha kushika njia, watoto wao wa miezi tisa mgongoni.

Mwuguzi alitia ufunguo, akapiga pedali kwa mguu. Kimya. Akapiga tena. Akapiga mara ishirini, mara thelathini, hata jasho likamtoka. Ndipo akachukua bisibisi, akazungusha skurubu moja ya kabureta, huku na huku, bila kuhesabu. Kimya vilevile.

Fundi mmoja mzee alikuwa anapita njiani. Alisimama, akatazama.

«Bwana munganga, weka bisibisi chini.»

«Mzee, pikipiki imekufa, nami ninangojewa.»

«Juzi ilikuwa inakwenda?»

«Ndiyo, Mzee, vizuri kabisa.»

«Basi haikufa. Niambie mikono yako imepita wapi tangu juzi.»

Swali hilo ni la mtu aliyefanya kazi miaka mingi. Mashine iliyokuwa nzima Jumamosi asubuhi, ikalala nyumbani siku moja tu, si kawaida kuvunjika yenyewe usiku. Ikikataa kuwaka baada ya kutunzwa, mara nyingi sababu iko palepale mikono ilipopita: kitu kilifungwa kisifunguliwe, au kilifunguliwa kisifungwe, au kilirudishwa vibaya. Kwa hiyo fundi hatafuti mahali pote. Hurudi katika njia ya mikono, hatua kwa hatua. Na mwenye kuanza kufungua vitu ambavyo havikuguswa, kama mwuguzi alivyofanya na ile skurubu, huongeza ubovu wa pili juu ya ule wa kwanza.

Lakini kabla ya kufuata njia hiyo yafaa kujua mashine inataka nini. Inataka vitu vitatu: esanse, hewa na cheche. Kabureta huchanganya esanse na hewa. Pistoni hupanda ndani ya silinda na kuukaza mchanganyiko huo, kisha buji hutoa cheche, mchanganyiko hulipuka, na nguvu yake huisukuma pistoni chini. Watu wengi hufikiri kwamba esanse ndiyo chakula kikubwa cha mashine, lakini hewa huipita mbali. Kilo moja ya esanse hutaka kilo 15 hivi za hewa. Lita moja tu ya esanse hutumia hewa ya kujaza zaidi ya mapipa 40, yale makubwa ya lita 200! Kwa hiyo chujio la hewa lililorudishwa likiwa bado limelowa maji, au limejaa oili isiyokamuliwa, huiziba mashine pumzi. Na katika milima hewa ni nyepesi. Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na kijiji cha mwuguzi kilikuwa juu zaidi. Mahali kama hapo esanse huzidi hewa upesi.

Mzee alianza kwa kusukuma pedali polepole kwa mkono. Ilikaza, kisha ikaachia. Vema: pistoni inakaza mchanganyiko kama inavyopasa. Akatazama ile robine ndogo chini ya tangi, inayofunga na kufungulia esanse. Watu wengi huifunga wakati wa kazi na kuisahau, lakini hii ilikuwa wazi. Akalitoa chujio la hewa, akalibonyeza: kavu. Ndipo akafungua buji, akainusa, akamwonyesha mwuguzi. Ilikuwa imelowa esanse tepetepe.

Buji husema mengi kwa anayejua kuitazama. Kama baada ya kupiga pedali mara nyingi buji ni kavu, esanse haifiki. Tazama tangi, robine, mpira wa esanse, na kitundu kidogo katika kifuniko cha tangi, maana kitundu hicho kikizibwa na sabuni au matope, hewa haiingii tangini na esanse haishuki. Kama buji imelowa, esanse inafika lakini haiungui. Hapo swali ni la moto.

Mzee aliikausha buji, akaitia tena katika kofia yake ya waya, akaugusisha mwili wake wa chuma na chuma cha mashine. Aliiweka mbali na tundu alimoitoa, kwa maana mvuke wa esanse hutoka tunduni, na cheche moja yaweza kuuwasha. Vilevile hakuishika buji kwa vidole vitupu, kwa kuwa umeme wake hupita volti 10,000. Akamwambia mwuguzi apige pedali. Hapakutoka cheche hata moja.

Akaivua kofia, akatazama kama maji ya kuoshea yameingia ndani. Hayakuingia. Akaikaza tena mpaka mwisho. Bado hakuna cheche.

«Kitambaa chako kilipita wapi?»

«Kila mahali, Mzee. Hata kwenye usukani.»

Kwenye usukani, karibu na mkono wa kulia, palikuwa na kibonyezo chekundu. Pikipiki nyingi zina kitu hicho: ni cha kukata moto kwa haraka, kama pikipiki imeanguka na mpandaji. Kitambaa kilikuwa kimekisukuma upande wa kuzima. Watoto waliokusanyika walicheka, lakini Mzee hakucheka. Alikirudisha, mwuguzi akapiga pedali, na cheche ikaonekana, ya buluu, ikilia ta! ta!

Mwuguzi akataka kurudisha buji upesi na kuondoka. Mzee akamzuia. Zile pigo thelathini bila cheche zilikuwa zimevuta esanse nyingi ndani ya silinda, na buji ingelowa tena mara moja. Ubovu wa kwanza ulikuwa umezaa wa pili. Basi alikisukuma tena kile kibonyezo upande wa kuzima, safari hii kwa kusudi, asiwashe mvuke. Akafunga robine, akazungusha gesi mpaka mwisho, akapiga pedali mara kumi huku tundu la buji likiwa wazi. Esanse ikatoka kama ukungu. Hapo hakuna mtu aruhusiwaye kuwa na sigara wala jiko la makaa karibu.

Ikabaki ile skurubu ya kabureta, nayo ndiyo iliyomkunjisha Mzee uso. «Uliizungusha mara ngapi?» Mwuguzi hakujua. Mzee akaiingiza taratibu mpaka ikagusa mwisho, bila kuikaza, kisha akairudisha nyuma mzunguko mmoja na nusu. Pikipiki ndogo nyingi hutaka hapo, au kufika mizunguko miwili, lakini kila aina ina kipimo chake, na mwenye kuhesabu kabla ya kugusa hana haja ya kubahatisha.

Alipima mwanya wa buji, ambao katika pikipiki hizi ni milimita 0.6 mpaka 0.7. Akairudisha kwa vidole kwanza, ili nyuzi zake zisiharibike, ndipo akaikaza kwa spana. Kofia, robine, kibonyezo. Hakufunga hewa ya kabureta kama mtu anavyofanya asubuhi ya baridi, kwa kuwa esanse ilikuwa imezidi.

Pigo la kwanza, hakuna. La pili, mashine ikakohoa. La tatu ikawaka, ikatoa moshi mweusi kidogo, kisha mlio wake ukatulia.

Mwuguzi alifungua sanduku la baridi, akatia mkono. Barafu ilikuwa bado ngumu. Akafunga, akampa Mzee mkono, akashika njia ya vilimani.