Umeme Umerudi, Mbona Samaki Wanahema?

Umeme ulikatika usiku, ukarudi alfajiri. Pampu ya chujio inanguruma kama kawaida, lakini samaki wako wamepanda juu ya maji, wanahema. Usikimbilie kulaumu mashine. Chujio la tangi la maji ya chumvi ni makazi ya viumbe hai, na huenda hao ndio waliopata shida.

Viumbe hao ni bakteria. Samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu kwao. Bakteria wanaoishi kwenye sponji na mawe ya chujio huigeuza kuwa nitriti, wengine huigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo si kali sana. Kazi hii inahitaji oksijeni, na oksijeni huletwa na maji yanayotembea.

Sasa pampu ikisimama, bakteria waliofungiwa ndani ya chujio humaliza oksijeni iliyobaki. Saa zikipita, wengi hufa. Vijidudu vingine visivyohitaji oksijeni huweza kuanza kutoa hidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka yai bovu. Ukiwasha pampu, maji hayo yote yanaingia tangini.

Kwenye maji ya chumvi hatari ni kubwa zaidi. pH ya maji ya bahari ni kama 8.1. Hapo, sehemu ya amonia iliyo katika umbo lenye sumu ni kubwa takribani mara 10 kuliko kwenye maji ya pH 7.

Basi ufanyeje? Chomoa nyaya kwanza. Umeme na maji ya chumvi havina mchezo. Kisha:

1. Wape samaki hewa. Tumia pampu ndogo ya betri, au chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu, tena na tena.

2. Fungua chujio kabla ya kuliwasha. Mwaga maji yaliyolala humo. Suuza sponji kwa maji uliyochota tangini, wala si ya bomba, maana klorini itaua bakteria waliobaki.

3. Pampu inanguruma ila maji hayatoki? Angalia kama mpira umejikunja au hewa imenasa. Kama sivyo, toa panga dogo la ndani: likiwa na ukoko wa chokaa, loweka kwenye siki, suuza vizuri, rudisha.

4. Chombo cha kutolea uchafu kwa povu hakitoi povu? Mara nyingi tundu la hewa limezibwa na chumvi iliyoganda. Maji ya uvuguvugu yanaiyeyusha.

5. Pima amonia na nitriti kila siku kwa wiki nzima, hata kama samaki wanaonekana wazima. Zikipanda, punguza chakula na ubadilishe sehemu ya maji kwa maji mapya yenye chumvi na joto lilelile.

Hatua hii ya tano ndiyo watu huiruka, kwa sababu pampu imeshapona na maji yanaonekana maangavu. Lakini amonia haina rangi. Bakteria wakipungua, itapanda kimyakimya, na utakuja kushtuka siku ya tatu samaki amelala ubavu.