Kumhamisha samaki mkubwa bila kumuua

Jumamosi iliyopita, baada ya shikamoo na marahaba, mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo halimo kwenye kitabu chetu. Familia yao inahama kutoka fleti ya Rivonia kwenda nyumba ya Bryanston, na baba amenunua tangi jipya la lita 500. Atamhamishaje frontosa wake, samaki mwenye urefu wa rula nzima, anayemrukia kila mtu anayetia mkono majini? Nilimwambia nitamjibu hapa, maana najua nyumba nyingi zenu zina matangi. Na mimi mwenyewe nilishaua samaki kwa kumhamisha vibaya.

Watoto, frontosa ni wa kwetu. Kwa asili anaishi Ziwa Tanganyika tu, ziwa ambalo Tanzania inapakana nalo pamoja na Kongo, Burundi na Zambia, lenye kina cha karibu mita 1,470. Jina lake la Kilatini lina maana ya mwenye paji kubwa la uso, na mkimtazama dume aliyekomaa mtaiona nundu juu ya macho yake. Wale wa upande wa Kigoma huwa na mistari myeusi saba. Hakimbizi wenzake kutwa nzima, lakini humeza samaki wadogo, na dume halitaki dume mwenzake karibu na jiwe lake. Wenye samaki wakali wa Ziwa Nyasa, au oska wa Amazon, mengi ya haya yanawahusu pia.

Sasa kosa langu. Mimi ni muuguzi, na muuguzi anapenda usafi. Siku niliyohamisha samaki wangu nilisugua kila kitu, nikasuuza sponji la chujio bombani mpaka likatoa maji meupe, nikajaza tangi maji mapya. Liling'aa kama wodi inayosubiri mkaguzi. Siku ya tatu samaki alikuwa juu ya maji akihema. Jioni akafa. Kilichomuua ni usafi ule.

Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua yake, yale anayopumulia. Amonia ni sumu, humuunguza. Ndani ya sponji chafu la chujio wanaishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo haina madhara makubwa. Nitriti nayo ni hatari: huifanya damu ishindwe kubeba oksijeni, ikageuka rangi ya kahawia. Hospitalini tunaijua hali hiyo hata kwa binadamu. Mimi niliwaosha bakteria wote nikawamwaga kwenye sinki.

Maji ya bomba ya hapa Johannesburg yana jambo lake pia. Rand Water hutumia klorini na kloramini kuua vijidudu ili sisi tunywe salama. Wazee wetu walizoea kuacha maji kwenye ndoo usiku kucha, na klorini hutoka hivyo. Kloramini haitoki kirahisi. Nunueni dawa ya kuondoa klorini kwenye duka la samaki, na msome kwenye chupa kama inashughulikia kloramini pia.

Kwa hiyo fanyeni kama tunavyofanya wodini: kitanda kiwe tayari kabla mgonjwa hajaondoka alikotoka. Tangi jipya lisimamishwe kwanza, mawe yapangwe, maji yatiwe dawa na yafikie nyuzi 25. Chujio la zamani lihamishwe siku ileile, sponji likiwa limelowa ndani ya maji ya tangi la zamani na ndoo ikiwa wazi, kwa sababu bakteria hao wanahitaji hewa. Wakikaa saa nyingi ndani ya chujio lililofungwa na kuzimwa, hufa. Waliopitia mgao wa umeme wanaelewa.

Siku moja kabla, msimlishe, asije akachafua maji ya safari. Siku yenyewe zimeni hita na msubiri ipoe, kwa sababu ikitoka majini ikiwa moto hupasuka. Toeni mawe, punguzeni maji mpaka yabaki kidogo. Msitumie wavu. Miiba ya mapezi hunasa, samaki akipapatika anachunika magamba na ute unaomkinga. Mwelekezeni polepole aingie ndani ya chombo cha plastiki, kisha watu wazima wawili wakiinue pamoja na maji yake, mmoja akishika kifuniko, maana ataruka. Mwenye kidonda mkononi asiguse maji hayo. Nimeona kidole kilichovimba kwa wiki nyingi kwa sababu ya maji ya tangi.

Tangi lenyewe msilibebe na maji. Lita moja ni kilo moja, fanyeni hesabu.

Garini, lile kasha la kubebea vinywaji baridi vya pikiniki linafaa sana, kwa sababu linatunza joto na ndani ni giza. Asubuhi za Julai hapa kwetu baridi hukaribia kuganda, kwa hiyo safirini mchana. Kila samaki na kasha lake.

Mkifika, ongezeni maji ya tangi jipya kikombe kimoja kimoja kwa nusu saa hivi, kisha mumhamishe samaki peke yake. Maji ya safari yamwagwe. Tahadhari moja kwa aliyenunua samaki aliyesafiri saa nyingi ndani ya mfuko uliofungwa: mkiufungua, hewa chafu hutoka, na amonia iliyokuwa imepoa makali huwa kali ghafla. Huyo mlinganishie joto mfuko ukiwa bado umefungwa, kisha mmtoe haraka.

Taa zizimwe mpaka kesho yake. Kama kuna samaki wengine, pangeni mawe upya na mkali aingie wa mwisho, asikute wala asiweke mwenye nyumba.

Pimeni amonia kila siku kwa wiki mbili. Ikionekana, badilisheni robo ya maji. Frontosa anaweza kugoma kula siku mbili tatu, msiogope. Akihema juu juu, pimeni maji kabla ya kununua dawa yoyote. Asiye na vipimo aje Jumamosi na maji ya tangi kwenye chupa ndogo. Vyangu viko kwenye mkoba, pamoja na chaki.