Kuhamishia bao kwenye simu: Kibali si tatizo, shughuli ipo kwenye kanuni

Ukitafuta "mancala" kwenye duka la programu la simu yako, utaletewa gemu kibao za mashimo na kete. Ila mchezaji wa bao wa Mikindani au Msimbati akiziona, nyingi atazikataa: hilo siyo bao.

Ana hoja. Gemu nyingi za jina hilo zinafuata Kalah, mchezo uliobuniwa na Mmarekani William Julius Champion mwaka 1940. Kila mchezaji ana safu moja, kwa kawaida ya mashimo sita. Bao la kiswahili lina safu nne, mashimo 32 na kete 64.

Mashabiki wa nje walifanyaje?

Kuhamisha mchezo wa mezani kwenda kwenye kompyuta si jambo geni. Dungeons & Dragons ulitoka Marekani mwaka 1974. Watu wanakaa mezani, mmoja anasimulia kisa, wengine wanaamua wahusika wao wafanye nini, na dadu zinaamua matokeo.

Mwaka 2002 kampuni ya BioWare ilitoa gemu ya Neverwinter Nights ikiwa na zana za kujitengenezea visa. Mashabiki wakazitumia kuunda upya visa vya zamani vya mezani, wakavigawa bure.

Kuuza ni habari nyingine, kwa sababu mchezo huo una mwenyewe: kampuni ya Wizards of the Coast.

Bao halina kampuni inayolimiliki. Kijana wa Mtwara mwenye laptop na ujuzi wa kuandika programu haombi kibali kwa mtu.

Sasa ugumu uko wapi?

Uko kwenye kanuni. Wachezaji wengi wamejifunza kwa kukaa pembeni na kutazama wakubwa wakicheza. Kompyuta haiwezi kutazama, kila kitu lazima iandikiwe. Mfano:

• Namua: Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Zamu yake ikifika anaingiza moja. Za mkononi zikiisha, mchezo unaingia hatua ya mtaji, yenye kanuni zake.

• Nyumba: Hili ni shimo maalumu linaloanza na kete sita. Ukiwa unakula, kete yako ya mwisho ikiangukia humo, unachagua: ulale au uendelee na safari. Programu lazima isimame ikuulize.

• Takasia: Kuna hali ambapo shimo la mpinzani linafungwa, asilicheze zamu inayofuata. Hapa hata wachezaji wazoefu hubishana.

Ndiyo maana bao liliwavutia hata wasomi. Mholanzi Alexander de Voogt aliwatafiti mabingwa wa Zanzibar, na mwaka 2002 Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht, Uholanzi, waliandika utafiti kuhusu kulitengenezea programu.

Njia ya mkato

Mtengenezaji anaweza kuanza na bao la kujifunza: kete mbili kila shimo, hakuna namua, hakuna nyumba. Si kosa, hata watoto huanzia hapo. Tatizo linakuja gemu ikiandikwa "Bao" tu. Mtoto anayejifunzia kwenye simu ataamini mchezo wote umeishia hapo, na siku akikaa barazani hataelewa kinachoendelea.

Kabla hujapakua, angalia:

1. Je, lina safu nne za mashimo manane?
2. Je, unaanza na kete mkononi?
3. Je, nyumba ipo, na unaulizwa ulale au uendelee?

Jibu likiwa hapana kwa lolote, hilo ni bao la kujifunza au mchezo mwingine kabisa.

Na kama wewe ndiye unayetengeneza, usianze na laptop. Anza barazani. Cheza na wazee, waulize kuhusu takasia, andika wanapotofautiana. Wakiondoka bila kuulizwa, programu itabaki na safu nne tupu.