Matumbawe Yanakufa Kejani na Taa Iko Fiti? Cheki Vile Maji Inatembea

Umetoa doh, ukaweka tangi la maji ya chumvi kejani. Taa iko fiti, chumvi umepima, samaki wako poa. Lakini matumbawe yanajifunga moja baada ya lingine na hujui noma iko wapi. Kabla ununue taa ingine, cheki kitu wasee wengi hupuuza: mkondo wa maji.

Tumbawe ni mnyama, lakini haliwezi kutoka kwa jiwe lake. Samaki akisota anaenda kutafuta msosi. Tumbawe lazima liletewe. Maji ndiyo inaleta chakula na oksijeni, na ndiyo inaosha uchafu. Ikisimama, tumbawe linakosa hewa polepole hata kama tangi linakaa safi.

Sasa, pampu gani? Pampu huandikwa lita inazosukuma kwa saa. Chukua lita za tangi lako, kisha uzidishe hivi:

- Matumbawe laini yasiyo na mifupa: mara 10 hadi 20.
- Yenye mifupa na nyama nono: mara 20 hadi 30.
- Yale ya matawi magumu kama akropora: mara 40 kwenda juu.

Kwa tangi la lita 200, matumbawe laini yanataka lita 2,000 hadi 4,000 kwa saa. Akropora zinataka 8,000 na zaidi. Hii ni hesabu ya kuanzia tu. Na usitegemee pampu inayorudisha maji kutoka kwa chujio, juu ikipandisha maji nguvu yake inashuka. Kazi kubwa ni ya pampu za mawimbi zinazokaa ndani ya tangi.

Lakini usikimbilie pampu moja kubwa. Ukielekeza mkondo mkali moja kwa moja kwa tumbawe, nyama inang'oka na unabaki na mfupa mweupe. Huko Watamu ama Malindi mawimbi huenda na kurudi, hayasukumi upande mmoja siku nzima. Kwa hivyo weka pampu mbili ndogo zikitazamana, mikondo igongane katikati. Moja ikae karibu na juu ili uso wa maji utikisike na oksijeni iingie.

Halafu kaa chini, utazame. Matumbawe yakiyumba kama nyasi kwa upepo, uko sawa. Yakilala upande mmoja ama yakikataa kufunguka, punguza. Ukiona uchafu umetulia nyuma ya mawe ama utando mwekundu unatambaa kwa mchanga, mara nyingi maji haifiki hapo. Mchanga ukiruka, inua pampu. Nunua zile za kurekebisha kasi, juu matumbawe yakikua huziba njia ya maji.

Na stima ikipotea? Hapo ndio watu hulia. Mkondo ukisimama, oksijeni inashuka na unaweza kupoteza tangi lote ndani ya masaa machache. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni bei ya chini ukilinganisha na hiyo hasara. Iweke karibu na tangi, betri zikiwa zimejaa, kabla giza iingie.