Guangzhou: Kirusi cha ukoo wa malengelenge na saratani ya nyuma ya pua

Wafanyabiashara wetu wanaofuata bidhaa Guangzhou wanaujua vizuri mtaa wa Xiaobei. Wachache wanajua kuwa mji huo, ambao Wazungu waliuita Canton, umelipa jina gonjwa zima: saratani ya Canton. Huota nyuma ya pua, juu ya koo, na kusini mwa China huonekana mara nyingi kuliko karibu kwingine kote duniani.

Saratani hiyo inahusishwa na kirusi cha Epstein-Barr, ndugu wa virusi vya malengelenge ya mdomoni na ya sehemu za siri, tetekuwanga na mkanda wa jeshi. Virusi vya ukoo huu vikishaingia mwilini havitoki. Epstein-Barr huenea hasa kwa mate, na zaidi ya watu wazima 9 katika kila 10 duniani tunacho. Kuwa nacho si aibu, wala si hukumu ya saratani.

Nasi tumo katika historia yake. Kiligunduliwa London mwaka 1964 katika uvimbe wa watoto wa Uganda, ugonjwa ambao daktari Denis Burkitt wa Kampala aliueleza mwaka 1958.

Kwa nini basi Guangzhou? Wataalamu wanataja pia urithi wa damu, na samaki wa chumvi wa Kichina, hasa wakilishwa watoto wadogo. Wapenzi wa ng'onda wasishtuke: uamuzi wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani wa mwaka 1993 uliwahusu samaki wa Kichina.

Chanjo bado hakuna, na asaikloviri, dawa ya malengelenge, haitibu saratani hii. Inayotibu ni mionzi, pengine pamoja na dawa za saratani, na ikiwahiwa wengi hupona. Hong Kong walipima damu ya wanaume zaidi ya 20,000 kutafuta chembe za kirusi. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha asilimia 71 ya waliogunduliwa walikuwa katika hatua za mwanzo, badala ya 20 za kawaida.

Kenya nako saratani hii ipo. Uvimbe shingoni usiouma, damu puani, sikio moja lililoziba kwa majuma: tusizunguke na vidonge vya mafua. Twende kwa daktari wa masikio, pua na koo, achungulie nyuma ya pua.