Nyundo ya Figueres (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita niliacha swali ambalo wengi hulicheka: nchi ikiamua kukaa bila jeshi kabisa, itakalika? Costa Rica imekalika tangu 1948, kwa hiyo tuanzie huko.

Tarehe 1 Desemba mwaka huo José Figueres, aliyekuwa akiongoza serikali ya mpito, alikwenda kambi ya Bellavista mjini San José, akashika nyundo kubwa na kuupiga ukuta mbele ya wapiga picha. Kambi ikatolewa iwe makumbusho ya taifa. Siku hizi ndani ya ngome ile kuna bustani ya vipepeo, na kwenye minara yake matundu ya risasi bado yanaonekana. Katiba ya 1949, ibara ya 12, ikapiga marufuku jeshi la kudumu.

Wanaosimulia kisa hiki kwa kawaida huishia hapo: pesa za bunduki zikaenda shuleni na hospitalini, basi. Mimi siishii hapo. Kwanza, jeshi lile halikuwa la Figueres. Lilikuwa la upande alioushinda miezi michache nyuma, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya siku 44. Mshindi akivunja jeshi la mshindwa, huwa anajihami yeye kwanza.

Pili, hebu tazama kalenda. Nyundo ilipiga tarehe 1. Tarehe 3 Mkataba wa Rio, unaozifunga nchi za Amerika kusaidiana ikivamiwa mojawapo, ukaanza kutumika. Desemba haijafika katikati, mahasimu wa Figueres wakavuka mpaka kutokea Nicaragua. Costa Rica ikapiga hodi kwa Jumuiya ya Nchi za Amerika, nayo ikaitika. Januari 1955 wakaja tena, safari hii na ndege. Marekani ikaiuzia Costa Rica ndege nne za kivita aina ya Mustang, kila moja kwa dola 1. Dola moja! Hata baiskeli mbovu hupati kwa bei hiyo. Bei halisi ililipwa kwa namna nyingine, kwa kuwa na mkubwa ambaye huwezi kumkosea sana.

Sasa turudi nyumbani. Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, nje kidogo ya Dar es Salaam, waliasi. Walidai nyongeza ya mshahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Tarehe 25 makomandoo wa Uingereza waliteremka kutoka manowari Centaur wakawanyang'anya silaha. Jeshi likavunjwa. Nyerere alikuwa na kila sababu ya kushika nyundo yake: nchi maskini, jeshi la kurithi, na aibu ya kumwita mkoloni wa juzi aje kumtuliza askari wako mwenyewe.

Lakini angemtegemea nani? Kusini kulikuwa na Wareno Msumbiji. OAU, umoja wa nchi huru za Afrika, haikuwa hata na umri wa mwaka mmoja. Ilichoweza ni kuwezesha kikosi kutoka Nigeria kije kushika zamu kwa miezi kadhaa. Septemba 1, 1964, jeshi jipya, JWTZ, likaundwa, na vijana wake wengi wakitoka Umoja wa Vijana wa TANU. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, OAU ilihimiza usuluhishi. Hakuna aliyejitokeza na ndege za dola moja. Waliokwenda ni JWTZ, mgambo, polisi na askari magereza, na hazina ya nchi ilikaa miaka ikiuguza gharama hiyo.

Ndiyo maana mbunge anaposimama kuuliza kwa nini fungu la ulinzi ni kubwa kuliko la maji, namuunga mkono, ila namwomba aongeze swali moja: usiku wa uvamizi tutampigia nani simu, na asubuhi atatudai nini?

Juma lijalo: Uganda ya 1992, ambako serikali iliamua kupunguza maelfu ya askari wa jeshi lake, NRA, na gharama ya kumrudisha kijijini mtu aliyezoea bunduki.